Ngao ya Nasaha katika Shairi la "Amina"

Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke msiba una desturi zake. Turubai hufungwa mbele ya nyumba, wanawake huketi ndani juu ya mikeka, wanaume hubaki nje. Mfiwa huambiwa "Jikaze", na apewapo pole hujibu "Nimeshapoa", ingawa hajapoa hata kidogo. Desturi hiyo haifai kudharauliwa, maana humvusha mtu siku zile za kwanza. Lakini wanafunzi waliolelewa huko huingia nayo darasani, na wasomapo "Amina", maombolezo ya Shaaban Robert kwa mkewe wa kwanza, husema kwamba mshairi amejikaza na kumwachia Mungu, basi. Kwa maoni yangu usomaji huo umekosea.

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa na ngao yake, nayo ni nasaha. Mara nyingi anapoguswa na jambo huligeuza kuwa funzo. Katika "Maisha Yangu", kitabu kilicho na shairi hili, upendo wake kwa wanawe wawili umevikwa joho la mawaidha: "Utenzi wa Hati" kwa binti, "Utenzi wa Adili" kwa mwana. Ni tungo za heshima, lakini anenaye humo ni mwalimu zaidi ya baba, na mwalimu haonekani akitetemeka.

Katika "Amina" hakuna wa kufundishwa. Mume anamwita mkewe kwa jina, ana kwa ana. Anakiri kwamba alimwombea apone, na kwamba hakupenda maradhi yamchukue. Kisha anakiri kwamba huzuni yake haisemeki. Mtu aliyejikaza hasemi kuwa hakupenda yaliyotokea. Husema ni kazi ya Mungu, akanyamaza.

Yawezekana mtu akapinga: je, Pepo anayomwombea marehemu si kinga nyingine? Naam, imani ipo, na ni ya kweli. Hata hivyo msomaji na atazame mpango wa beti. Ungamo la uchungu latangulia, kauli ya kwamba roho haziozi yafuata. Kama mpango huo ungepinduliwa, tungekuwa na hotuba ya matanga. (Tunazo nyingi za namna hiyo, zenye vina safi na mizani timilifu.)

Kituo ndicho huwatatiza vijana zaidi. Kila ubeti hurudia kwamba pendo la wawili hao hakuna awezaye kulifungua; nao wajuapo kwamba mshairi alioa tena, humwona kigeugeu. Mimi sioni mgongano. Mwanzoni mke amefananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua. Na kitenzi hicho hicho, kufunga, ndicho kinachobeba kituo. Katika ua ni kukoma. Katika kituo ni fundo lililo salama. Aliyeamini kwamba fundo hilo halifunguki hakuwa na haja ya kuulinda moyo wake kwa kuutia komeo.