Ufupi Una Kazi Yake

Mwaka 1923 William Carlos Williams, daktari wa New Jersey, Marekani, alichapisha shairi la toroli jekundu. Lina maneno 16 tu. Mara ya kwanza nilicheka: sasa hili nalo shairi? Nikajaribu kuondoa neno moja, likaanguka. Hapo nikanyamaza.

Kwetu, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alitufungulia mlango nje ya vina na mizani. Sisi vijana uhuru tumeushika, kazi tumeiacha. Tunakatakata mistari ovyo, eti shairi huru! Mama anayeanika dagaa pale Kibirizi hamwagi tu akaondoka. Anatandaza, anageuza, anachambua. Shairi fupi nalo lataka mkono huo. Tuandike, kisha tuchambue bila kujihurumia.