Ua wa Matete

Sisi wafanyabiashara wa Butembo tukifika Kampala, macho yetu huishia Kikuubo: bei, magunia, na gari gani linarudi Kasindi. Safari moja mzigo ulichelewa kupakiwa, nikapanda Mengo kwa miguu.

Kule kuna barabara iliyonyooka kama uzi, toka Bulange linakokaa baraza la Buganda hadi lango la ikulu. Njiani kuna mzunguko. Magari yote huuzunguka, lakini katikati yake imekatwa njia yenye mageti. Hiyo ni ya Kabaka, mfalme wa Buganda, peke yake, yeye hazunguki. Nilisimama pale kitambo, nikiwaza jinsi watu hawa walivyotawala bila karatasi.

Zamani Buganda ilikuwa na masaza 10, yaani majimbo. Mkuu wa Kyaggwe aliitwa Sekiboobo, wa Buddu Pokino, wa Singo Mukwenda. Wachache walirithi, kama Mugema wa Busiro; wengi waliteuliwa na Kabaka, naye aliweza kuwaondoa. Lakini ufundi ninaousifu ni mwingine. Mkuu wa saza hakuachwa ajisahau huko kwake. Alijenga boma mjini kwa mfalme, upande ule inakoingilia njia ya saza lake, na kule nyuma akaacha naibu. Njia hiyo aliitunza yeye, hata penye kinamasi. Kipande cha ua wa matete wa ikulu kilikuwa juu yake pia. Matete yakilala, mfalme hana haja ya kuuliza ya nani. Mji ulihama kilima hadi kilima, na kila ulipohamia, kila mkuu alijua pa kuchimbia nguzo zake. Mvumbuzi Mwingereza Speke, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, alistaajabia upana wa zile barabara.

Na kodi? Kabaka alituma mtu wake, Katikkiro (waziri mkuu) alituma wake, na Kimbugwe pia wake. (Kimbugwe ndiye aliyetunza kamba ya kitovu cha mfalme. Usicheke, kilikuwa cheo kikubwa.) Nyumba zilihesabiwa kwanza, hesabu ikashikwa kwa kauri. Mwizi angelazimika kupatana na watu wa mabwana kadhaa wanaooneana wivu. Mimi niliyewahi kuibiwa na makarani wawili marafiki, hapo nilivua kofia.

Wafalme wenye karatasi walifanya vingine: Henry VII wa Uingereza, aliyetawala 1485 hadi 1509, alitia alama kwa mkono wake ukurasa baada ya ukurasa wa vitabu vya hazina yake. Alikuwa na wino, lakini pia ilimbidi akeshe na mahesabu. Kabaka alitembea tu kando ya ua.

Jioni nilirudi Kikuubo. Mabalo yakapakiwa moja moja, mpakizi akihesabu, dereva akihesabu, nami nikihesabu, kila mmoja na kaye yake.