Chokaa Inayorudi Kwenye Matumbawe

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika mawe hayo ilitoka tanurini, matumbawe mengine yalikochomwa. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens, aliyeandika vitabu vyake kwa Kijerumani, aliwazoesha wafugaji wa viumbe wa baharini kufanya kinyume chake: kutia chokaa iliyoyeyushwa majini ndani ya tangi ili matumbawe yajijengee mifupa. Hadi leo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanayaita maji hayo Kalkwasser, yaani maji ya chokaa.

Mifupa ya matumbawe magumu ni kalsiamu kabonati. Baharini malighafi ya kuijenga haiishi. Kwenye tangi la lita 100 sebuleni huisha, na huisha kwa namna inayomdanganya mwenye tangi. Tuseme maji yana kalsiamu miligramu 420 kwa lita na alkaliniti ya digrii 8 za KH. Alkaliniti hapa ni uwezo wa maji kuhimili asidi, na sehemu yake kubwa ni bikaboneti, ambayo ndiyo tumbawe hutumia. Matumbawe yakichukua miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, alkaliniti hushuka kwa digrii 2.8. Kalsiamu itasoma 400, tofauti ambayo kifaa cha kupimia cha nyumbani kinaweza kuikosa kabisa. Alkaliniti itakuwa 5.2, yaani zaidi ya theluthi imekwenda. Anayepima kalsiamu peke yake ataona mambo shwari huku ukuaji wa matumbawe ukidorora. Kwangu mimi, mtu mwenye pesa ya kifaa kimoja tu anunue cha alkaliniti.

Maji ya chokaa hurudisha vyote viwili kwa uwiano uleule vilivyotumika. Gramu 1.5 za kalsiamu hidroksidi huyeyuka katika lita moja ya maji yasiyo na chumvi. Yanapoingia tangini, hidroksidi hukamata kaboni dioksidi iliyomo majini na kuwa bikaboneti. Lita moja ya maji hayo katika tangi letu huongeza alkaliniti kwa digrii 1.1 hivi na kalsiamu kwa miligramu 8 kwa lita.

Lakini yana pH inayozidi 12. Ukiyamimina lita nzima kwa mkupuo, pH ya tangi hupanda kwa karibu 0.5, maji huweza kuwa meupe kama tui, na kalsiamu kabonati ikaganda kwenye pampu badala ya kwenye tumbawe. Ndiyo maana hutiwa tone kwa tone, hasa usiku. Mchana vijimwani vinavyoishi ndani ya matumbawe hula kaboni dioksidi na pH hupanda. Taa zikizimwa gesi hiyo hujilimbikiza na pH hushuka. Chokaa huingia wakati inapohitajika. (Katika nyumba za nchi za baridi, madirisha yakifungwa na watu wakipumua humo miezi yote ya kipupwe, pH huwa chini mchana kutwa. Nyumba ya pwani inayopitisha upepo haina shida hiyo.)

Njia hii ina kikomo chake. Maji ya chokaa hutiwa kufidia yaliyokauka tu, la sivyo chumvi ya tangi itapungua. Pima alkaliniti leo, usitie kitu, upime tena kesho saa ileile. Ikiwa imeshuka kwa digrii 2, unahitaji karibu lita 1.8 za maji ya chokaa kila siku, na kama tangi hukausha lita moja tu, utabaki na pengo. Hapo watu huongeza kloridi ya kalsiamu na bikaboneti ya sodiamu, kila moja katika chombo chake, kwa sababu zikikutana zikiwa kali huganda papo hapo.

Ndoo ya chokaa ifunikwe. Ikiachwa wazi hufanya utando mweupe juu: ni kaboni dioksidi ya hewani ikiigeuza chokaa kuwa kabonati, jambo lilelile linalofanya lipu ya chokaa iwe ngumu ukutani, na kila utando ni chakula kilichopotea. Machicha ya chini nayo yaachwe, maana uchafu mwingi hutuama humo. Chokaa ya fundi ujenzi, hata ile ya tanuri la matumbawe, isitumike. Huweza kuwa na majivu na udongo. Inunuliwe ile safi ya kutengenezea vyakula.