Heko kwa Mafundi wa Mgongo Wazi

Mtoto wa mgongo wazi akifikishwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyo kilimani jijini Mwanza tangu 1971, kazi inayomsubiri ni ya mikono mitulivu. Hulazwa kifudifudi, uvimbe wa mgongoni umefunikwa gozi yenye maji ya chumvi. Daktari huitenganisha mishipa ya fahamu na ngozi, huirudisha mahali pake, kisha hushona utando usivujishe maji. Kichwa nacho hupimwa mara kwa mara, maana wengi hupata kichwa kikubwa. Kwangu madaktari hawa ni mafundi wa daraja la kwanza, na wauguzi wao vilevile. Tena wanatafiti: mwaka 2017 ulichapishwa utafiti kuhusu kichwa kikubwa upande huu wa ziwa. Kinga ya mgongo wazi ipo, vidonge vya foliki asidi, lakini vinywewe kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua wana mimba.