Injini Inapokata Pumzi Juu ya Mizunguko 4,000

Toyota IST na Probox zenye injini ya 1NZ-FE zimejaa katika yadi za magari yaliyotumika. Nyingi huwaka mara moja na kunguruma kwa utulivu. Utulivu huo usikuuzie gari. Injini hii ya sentimita za ujazo 1,497 hufikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Hapo kila plagi hupiga cheche mara 50 kwa sekunde, na silinda zote nne huweza kumeza hadi lita 4,500 za hewa kwa dakika. Upungufu wa hewa, mafuta au moto uliojificha gari likiwa limesimama hauna pa kujificha tena.

Ipime injini ikiwa imepata moto, na iwe na mzigo. Tafuta mlima wenye barabara tupu, weka gia ya pili, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho kuanzia mizunguko 2,500. Kama dashibodi haina saa ya mizunguko, chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kumbuka pia mwinuko: Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na gari zima kabisa hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu liliyokuwa nayo Mombasa.

Sasa sikiliza namna nguvu inavyopotea, kwa kuwa namna hiyo ndiyo inayotaja ugonjwa.

Inashtukashtuka. Hiyo ni misi, yaani silinda kukosa kuwaka, na moto wa plagi ndio wa kwanza kushukiwa. Mgandamizo unapoongezeka, cheche huhitaji volti nyingi zaidi, na koili iliyochoka hushindwa. Chomoa plagi, tazama kaure yake: mstari mweusi wa wima ni njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea. Kisha badilishana koili za silinda ya kwanza na ya pili. Kosa P0301 (misi ya silinda ya kwanza) likigeuka P0302 (ya pili) kwenye mashine, koili ndiyo yenye hatia.

Inanyong'onyea taratibu. Hapa mafundi wengi hubahatisha vipuri. Panda mlima ukitazama marekebisho ya mafuta kwenye mashine. Kompyuta ikiongeza zaidi ya asilimia 10, mafuta hayatoshi au hewa inapimwa vibaya: kagua pampu, filta na sensa ya hewa. Marekebisho yakiwa ya kawaida na bado injini inabanwa, angalia filta ya hewa, kisha eksozi. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele na ufunge geji ya presha mahali pake. Kwa mizunguko 2,500, ikizidi psi 3, masega ya kisafisha moshi ndani ya eksozi yameziba.

Mshale unapanda, gari haliendi. Usiiguse injini. Kluchi au giaboksi inateleza.

Koili na plagi ni za kupunguziana bei. Masega yaliyoziba yanadai swali la pili: yamezibwa na nini? Shuka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga huku mwenzako akiangalia nyuma. Moshi wa buluu ukitoka, injini inakula oili. Masega mapya nayo yataziba. Gari hilo liache, hata muuzaji akishusha bei.