Kuhamia Linux kwa Kuanzia Programu za Ofisi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipokoma kuipa Windows 10 huduma ya kawaida, mwenye steshenari wa Masumbwe, kwenye barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, anakabiliwa na uamuzi mzito. Kwani kompyuta za mtumba, ambazo aghalabu ndizo rasilimali ya maduka ya namna hiyo, nyingi hazina prosesa wala chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, ilhali bei ya mashine mpya hairudishwi upesi na fotokopi.

Njia ya kuhamia Linux ilikwisha kuonyeshwa mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi katika mradi wa Kilinux, kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hekima ya kazi ile, kwa maoni yangu, ni kutangulia kwa programu za ofisi kabla ya mfumo endeshi wenyewe: maadamu OpenOffice ilikubali Windows na Linux sawasawa, karani aliweza kuzoea chombo kipya pasipo kung'olewa msingi wa mashine yake.

Utaratibu huo ungali unafaa. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, iwekwe kwanza ndani ya Windows iliyopo mpaka mkono uzoee, ndipo Linux Mint iwashwe kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, ili printa na skana zijaribiwe. Kuna jambo dogo linaloudhi wateja kupita yote: barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri, ikifunguliwa pasipo fonti hiyo, mistari husogea, na sahihi ikajikuta peke yake ukurasa wa pili. Dawa yake ni Carlito, fonti huria yenye herufi za upana ule ule.

Wako wasemao kwamba hakuna kinachookolewa, kwa kuwa Windows zao hazikulipiwa leseni. Hao wamesahau ujira wa fundi anayeitwa kupiga Windows upya kila flashi za wateja zinapoleta virusi vya kugeuza mafolda kuwa shotikati, virusi ambavyo, kwa kuwa vimetungwa kwa Windows, havitendi kazi katika Linux. Illa vyaweza kubebwa hadi kwa mteja mwingine, hivyo flashi isafishwe kabla ya kurudishwa. Na iwapo programu ya mauzo ni ya Windows pekee, mashine moja ibakizwe kwa kazi hiyo, mbali na intaneti na flashi za wageni.