Bagamoyo Haianzii Baharini

Kila msimu wa Tamasha la Bagamoyo simulizi ni ileile: majahazi, pembe za ndovu, watumwa, ufukwe. Sawa. Ila mimi wa Mlali huwa najiuliza, kwani ile misafara ilipaa angani? Ilipita kwetu Ugogo, ikilipa hongo ili ipewe njia na maji. Hata orodha ya awali ya UNESCO ya mwaka 2006 iliweka Mpwapwa pamoja na Bagamoyo kwenye njia hiyo. Na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi na kupiga ilimba hukohuko pwani. Muziki wetu tunaushangilia jukwaani, halafu kwenye historia tunakuwa pori la kupita tu. Jamani, mwakani tusimulieni pia aliyepokea hongo.